Anasoma kama mtangazaji, lakini imla inamlaza: mtoi wa aina hii tumsaidie vipi?

Kwa ploti yenu lazima kuna mtoto wa aina hii. Ukimpa kipande cha gazeti kilichofungia maandazi anakisoma chote, mpaka matangazo ya vifo. Matatu ikipita mbio yeye ameshasoma maandishi ya ubavuni kabla wewe hujageuza shingo. Ndiye anayesomea nyanya yake ujumbe wa M-Pesa na hakosi hata shilingi. Halafu Ijumaa inafika, anarudi na daftari la imla: 6 kwa 20, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, neno moja: "Uzembe."

Naandika hii nikikulenga wewe, kaka ama dada mkubwa wa hiyo nyumba, kwa sababu wewe ndiye unayeachiwa hilo daftari saa moja jioni mathe akiwa bado kwa kibanda. Mimi chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo jioni nyingi huku Laini Saba huwa nakaa na watoi wanne watano wa majirani tukipambana na kazi ya shule. Cheti cha ualimu sina. Nakuambia kile nimeona kikisaidia, pamoja na kile wataalamu wamekuwa wakisema miaka mingi bila kutufikia huku chini ya reli.

Kwanza, huyo mtoto si mzembe. Kusoma neno na kuliandika ni kazi mbili tofauti, na mtu anaweza kuwa hodari kwa moja na kuhangaika na nyingine.

Chukua mfano wa nyumba ya rafiki yako kule Mashimoni. Ukitembea mwenyewe unafika bila shida: unaona kinyozi, unaona tangi la maji, miguu inajua pa kukata kona. Sasa mtu wa boda akupigie simu akiwa barabarani, umwelekeze mpaka mlangoni. Ghafla hukumbuki kama kibanda cha samaki kinakuja kabla ya tangi ama baada, wala kama ni uchochoro wa pili ama wa tatu. Na umepita hapo mara mia! Kusoma ni kule kutembea. Tahajia ni kuelekeza kwa simu: kila kona lazima itajwe, tena kwa mpangilio wake, bila kuona chochote mbele yako.

Msomaji mwepesi hahitaji kila herufi. Anaona mwanzo wa neno, anaona urefu wake, sentensi inamjazia lililobaki, huyo ameshaenda mbele. Mtafiti Uta Frith, Mjerumani aliyefanyia kazi yake London, aliwazungumzia watoto wa aina hii katika kitabu cha kitaalamu kuhusu tahajia alichokihariri mwaka wa 1980. Alichogundua ni kwamba wapo wanaosoma vizuri kabisa huku tahajia yao ikiwa mbovu, na kwamba wengi wao husoma kwa kuokota vidokezo vichache tu vya neno bila kulipitia lote. Yaani ule wepesi unaotufurahisha ndio unaowapitisha juu ya herufi bila kuzikanyaga.

Ndiyo maana ule ushauri wa "asome sana, tahajia itakuja yenyewe" haumsaidii huyu. Huyu tayari anasoma sana. Anachohitaji ni kupunguziwa mwendo, dakika kumi kwa siku, kwa maneno machache.

Shuleni hiyo nafasi ni finyu. Mradi wa Tusome ulipoanza mwaka wa 2015 katika madarasa ya kwanza na ya pili, zikiwemo shule nyingi za bei nafuu za mitaa kama yetu, kipimo kikubwa kilikuwa idadi ya maneno ambayo mtoto anasoma sawasawa kwa dakika moja. Watu wa Uwezo nao, kuanzia 2009, walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kama wanaweza kusoma herufi, neno, aya na hadithi. Kazi nzuri, siipingi hata kidogo. Lakini saa ya kupima kasi haimuulizi mtoto kama anaweza kuliandika neno alilolisoma sasa hivi.

Ukikaa naye, anza kwa kutenganisha lugha. Makosa ya Kiswahili na makosa ya Kiingereza ni magonjwa mawili, na dawa yake si moja.

Angalia jina la mtaa wetu tu. "Laini" ni neno la Kiingereza lililovuliwa viatu mlangoni: Waingereza wanaandika "line", sisi tukaliandika vile tunalisikia. Jina la Kibera lenyewe lina tahajia mbili. Lilitoka kwa Wanubi, waliouita msitu huu Kibra, na eneo bunge lilipokatwa kutoka Lang'ata kwa uchaguzi wa 2013 likarudishiwa jina hilo la zamani. Kwa hivyo ukiandika Kibera uko sawa, na ukiandika Kibra uko sawa pia. Mwambie mtoto hayo. Atajua kwamba tahajia ni makubaliano ya watu, haikushuka kutoka mbinguni.

Na kwa Kiswahili, watu walikaa chini kweli wakakubaliana. Pwani walikuwa wameandika kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa. Mkutano wa Dar es Salaam wa 1925 ukataka tahajia iwe moja kwa herufi hizi tunazotumia, wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi, na 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia hiyo kazi. Matunda yake ni haya: irabu tano, kila moja na sauti yake, na neno linaandikwa kama linavyotamkwa.

Sasa kama linaandikwa linavyotamkwa, kosa la Kiswahili la mtoto ni kama rekodi ya sauti. Linakuambia vile yeye anatamka. Nairobi tunaangusha "h" kila siku, kwa hivyo anaandika "ata", "uyu", "apa". Anayezungumza Kijaluo nyumbani anaweza kuandika "sule" kwa sababu lugha ya mama haina ile "sh". Mwingine "r" na "l" zinabadilishana viti, na hapo maana yenyewe inaruka: aliyeandika "ameshika karamu mkononi" amebeba sherehe nzima, na anayetafuta "mahari pa kukaa" anatafutia nani mke? Wengine "dh" yote ni "z", wakakupa "zahabu" na "tafazali". Huu mtaa una Wanubi, Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengine wengi. Ukimcheka mmoja, subiri zamu yako.

Dawa ya hayo iko mdomoni, kalamu inafuata baadaye. Mwambie aweke kiganja mbele ya midomo aseme "ata", kisha "hata". Pumzi ya "h" ataisikia kwa ngozi. Kwa "r" na "l", mpe maneno mawili mawili, kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu. Wewe sema moja, yeye aonyeshe picha ama atoe sentensi yake. Mkishaelewana kwa masikio ndipo aandike. Maneno marefu piga makofi kwa silabi: ku-ha-nga-i-ka. Kila kofi lazima lipate herufi zake kwa daftari, na ukihesabu makofi matano na silabi nne, ameacha moja nyuma.

Halafu kuna kukata maneno. "Ana penda", "nime kula", "kwasababu". Hapa huwa natumia treni inayopita hapo juu. Kitenzi cha Kiswahili ni treni, a-na-pend-a, mabehewa yameshikana, ukikata katikati abiria wanaanguka kwa reli. Lakini "kwa sababu" ni matatu mbili zinazofuatana tu, kila moja na dereva wake. Mtoto aliyekulia kando ya reli hasahau hiyo.

Kiingereza sasa. Hapo kutamka hakutoshi, na usimdanganye mtoto kwamba kunatosha. William Caxton alifungua kiwanda cha uchapishaji Westminster mwaka wa 1476, tahajia ikaanza kuganda polepole kwa vitabu, huku midomo ya Waingereza ikiendelea kubadilika. Ile "k" ya "knife" ilikuwa ikitamkwa. Ile "gh" ya "night" pia ilikuwa na sauti yake. Sauti zilihama, herufi zikabaki zikilinda nyumba. Hata Shakespeare, saini zake sita zinazojulikana hazifanani tahajia. Mtoto akikuuliza kwa nini, mpe hiyo hadithi. Ni afadhali kuliko "shika tu hivyo".

Lakini mtoto wetu ana kitu ambacho mtoto wa London hana: mdomo wa Kiswahili. Mwambie asome neno la Kiingereza kama neno la Kiswahili, herufi kwa herufi. "Knife" inakuwa ka-ni-fe. "Wednesday" inakuwa wed-nes-da-y. "Island" inakuwa is-la-nd, "people" inakuwa pe-o-ple. Watacheka, na wacha wacheke, kicheko kinagandisha neno kichwani. Wakati wa kuongea anasema kama kawaida. Wakati wa kuandika anajiambia kimoyomoyo "ka-ni-fe" na ile "k" haitoroki. Kwa "because" anasema be-ka-u-se, na hapo kinabaki kizingiti kimoja tu cha kukumbuka, kwamba "ka" hiyo imevaa "c". Kulinda herufi moja ni rahisi kuliko kulinda saba.

Na uyapange kwa koo. "Knife, knee, knock, know" ni ndugu. "Light, night, fight, right" ni ndugu. Ukoo mmoja kwa wiki unatosha. Zile orodha za maneno ishirini yasiyojuana, leo "giraffe" na "Tuesday" na "beautiful", mimi sizipendi. Mtoto anazibeba mpaka Ijumaa saa nne, kufika saa tano ashaziweka chini.

Sasa kazi yenyewe. Chukua daftari zake za wiki tatu zilizopita na karatasi moja ya fulskepu. Nakili makosa yake, na kando ya kila moja tahajia sahihi. Kisha pigia mstari ile sehemu iliyoharibika peke yake. Aliyeandika "tafazali" amepata kila kitu isipokuwa "dh". Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo. Amezoea kuona alama kubwa ya kosa juu ya neno zima, kana kwamba hakujua chochote. Utashangaa pia jinsi makosa yanavyojirudia. Kuna msichana tuliyemhesabia makosa thelathini na moja, na karibu yote yalikuwa ya aina tatu: "h", "dh", na kukata vitenzi. Alidhani hajui Kiswahili, kumbe alikuwa na mambo matatu ya kurekebisha.

Kutoka kwa hiyo karatasi toa maneno matano. Atazame neno, alitamke, afunike, aandike bila kuchungulia, afunue alinganishe. Ile hatua ya kufunika ndiyo yenye kazi, maana hapo analazimika kuelekeza boda bila kuiona njia. Hii ndiyo sababu adhabu ya kuandika neno mara hamsini haifundishi. Umewahi kuwatazama wakiifanya? Wanaandika herufi ya kwanza kutoka juu mpaka chini, wanarudi juu wanaandika ya pili, wanashuka tena, kama mtu anayepanga nyanya. Neno lenyewe hawajaliandika hata mara moja. Afadhali mara tatu kwa kufunika leo, mara moja kesho kutwa, mara moja wiki ijayo.

Pesa haihitajiki. Vifuniko vya soda tunavikusanya, tunaandika herufi kwa makapeni, tunajenga maneno sakafuni. "Ng'" na "dh" na "gh" huwa naziandika kwa kifuniko kimoja, ili waone hiyo ni sauti moja, haiachani.

Kuna nguvu moja ya huyu mtoto ambayo watu huisahau: macho yake ni mazuri. Yeye ni msomaji. Basi mfanye msahihishaji wa kazi yake. Msomee sentensi mbili kutoka kitabu cha hadithi anachokipenda, aandike, kisha umpe kitabu ajisahihishe. Kama ni insha yake mwenyewe, aisome kwa kurudi nyuma, kuanzia neno la mwisho kwenda la kwanza. Inaonekana kama wazimu, lakini sentensi haiwezi kumbeba tena, kila neno linasimama peke yake na kosa linajitokeza.

Insha ndipo penye hasara kubwa. Kuna kijana wa gredi ya 6 anayekuja kwetu, mdomo wake una hadithi kuliko redio. Siku moja alitusimulia moto uliochoma nyumba za upande wao usiku: ndoo zikipita mkono kwa mkono, mzee anayerudi ndani kufuata kitambulisho, mbuzi akitolewa dirishani miguu ikipiga hewa. Tulinyamaza wote. Nikamwambia andika hiyo. Akaleta mistari minne. Moto uliwaka. Watu walikuja. Moto ulizima. Nilifurahi.

Nikamuuliza, mbuzi ako wapi? Akasema, "'Ghafla' naikosanga. 'Kuhangaika' pia naikosanga. Nikiandika nitakatwa."

Hakuwa na kosa hata moja kwa hiyo mistari minne. Alikuwa amejifunza kuandika maneno asiyoweza kukosea tu, na hadithi yake yote ikabaki nje ya daftari. Wewe uliyefanya KCSE unaikumbuka ile nusu alama ya hijai ikikatwa kwa ufahamu, nusu hapa nusu pale. Inauma, sikatai. Lakini mtihani hauna alama ya mbuzi ambaye hakuandikwa, na hiyo hakuna anayeiona ikipotea.

Kwa hivyo kwetu insha huandikwa mara mbili. Mara ya kwanza ni ya hadithi: andika kila kitu, neno ukilitilia shaka lipigie mstari chini uendelee mbio, hakuna kusimama kuuliza. Mara ya pili ni ya tahajia, na hapo tunatafuta yale yenye mistari kwa kamusi ama kwa mtu. Nikisahihisha mimi huchagua makosa matatu, yale ya aina tuliyofanyia kazi wiki hiyo. Mengine nayaona na nayaacha. Najua wazazi wengine hilo linawakera, wanataka ukurasa wote uwe mwekundu ndio wajue mtoto amesahihishwa. Mimi nimeona mtoto akipokea ukurasa mwekundu. Haisomi hata alama moja, anafunga daftari.

Na Sheng je? Watu wazima wanapenda kuisukumia lawama, pamoja na zile meseji za "xaxa". Mimi sioni hivyo. Anayeandika "xaxa" amechagua herufi kwa makusudi na anajua sauti yake ni ipi. Mwonyeshe tu kwamba gazeti, mtihani na barua ya kazi ni nguo nyingine. Kile cha kuchunga kwa simu ni ile programu inayomalizia maneno yenyewe, maana inafanya kazi yote ya kukumbuka. Akifanya zoezi, izimwe.

Wapo watoto ambao shida yao inazidi haya. Ukiona neno moja ameliandika namna tatu kwa ukurasa mmoja, anaruka sauti nzima za katikati, mkono unamchosha baada ya mistari miwili, na miezi ya mazoezi haijasogeza kitu, usibaki ukimfokea. Anza na masikio na macho kwa zahanati, kwa sababu mtoto aliyewahi kuugua masikio mara kwa mara anaweza kukosa tofauti ya "s" na "sh" bila mtu kujua. Kisha kuna vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu ya kielimu, vinaitwa EARC, na Kenya imekuwa navyo tangu 1984. Muulize mwalimu wake ama ofisi ya elimu kituo cha karibu kiko wapi, na ubebe daftari zake za zamani na za sasa.

Kabla hujafika huko, uliza pia anakaa wapi darasani. Imla inasomwa kwa sauti, na madarasa mengi ya huku ni mabati na ukuta wa mbao, upande wa pili darasa lingine linaimba majedwali. Kuna mmoja wetu alihamishwa dawati kutoka nyuma hadi la mbele, na ile "h" ikaanza kuonekana kwa daftari lake wiki hiyo hiyo. Hata nyumbani, mvua ikishika paa, weka kitabu kando mnywe chai kwanza. Ikipungua ndio umsomee maneno yake matano.